Salud Anunua Masomo ya Gitaa

Nusu ya nyumba nyeupe za Morón, mji wa kusini mwa Hispania, zilipata weupe wake mikononi mwa Salud. Alianza kazi ya kupaka chokaa akiwa na miaka kumi na minne, akimshikia mama yake ndoo, na alipofika miaka sitini na mmoja bado alipanda ngazi mwenyewe, brashi begani, kitambaa kichwani. Alikuwa mfupi, mkavu, si mtu wa maneno. Kazi yake ilikuwa na sifa moja ambayo hata waliomwonea wivu waliikubali: Salud haachi tundu. Ukuta aliopita yeye ungeweza kuukagua kwa kidole, shubiri kwa shubiri, usikute hata alama ya msumari iliyobaki wazi.

Kaka yake mkubwa, Bastián, alikuwa mchoma chokaa. Miaka arobaini alikaa mbele ya tanuri akipika mawe, na moshi ule ulimwingia kooni ukakaa. Mtu mwingine angeishia kukohoa. Bastián aliuimba. Aliimba ule uimbaji mzito wa kwao, wa mtu mmoja kwenye kiti na mpiga gitaa mmoja ubavuni, na Jumapili mchana watu walisimama mpaka nje ya klabu ya waimbaji wamsikilize.

Ubavuni alikaa Eulogio, kinyozi. Walikaa hivyo miaka thelathini na minane na hawakugombana hata mara moja, labda kwa sababu hawakuwa wakizungumza. Nyuma yao alikaa Salud na wanawake wengine wawili, kazi yao makofi. Usidhani makofi ni kazi ndogo. Kule mtu akisemwa kuwa ni mlevi, ataenda zake. Akisemwa hana mapigo, atauza nyumba ahame. Salud hakuwahi kusemwa.

Kisha Eulogio akafa, na Bastián akafunga mdomo.

Mwanzoni watu walimwacha aomboleze. Baada ya mwaka wakaanza kumletea wapiga gitaa. Akaletwa mmoja kutoka Utrera, kijana mwenye vidole vyepesi kama mvua. Bastián akaimba ubeti mmoja, akaomba maji, akaenda nyumbani.

"Vipi, hakupiga vizuri?" walimuuliza.

"Alipiga vizuri sana. Mimi ndiye nilikuwa namzuia njia."

Tangu siku ile hakukaa tena kwenye kile kiti. Jumapili alikwenda klabuni, akanywa kahawa yake kaunta, akawapa watu mgongo. Mkewe Trini alimweleza Salud jikoni, sauti chini.

"Wifi, kaka yako haimbi hata akioga. Juzi nimesikia mluzi huko ndani, moyo ukaniruka kama siku ya harusi. Nikaenda mbio. Kumbe ni birika."

Salud alicheka, lakini njiani kurudi kwake hakucheka. Alimjua kaka yake. Bastián hakuwa na kitu kingine. Hakucheza karata, hakufuga ndege, mpira hakuupenda. Mtu wa namna hiyo ukimnyamazisha anaanza kukauka kuanzia juu, kama mti. Tayari alikuwa ameacha kunyoa, kwa kisingizio kwamba kinyozi wake amekufa.

Hapo ndipo wazo lilipomjia, na aliliona la kipuuzi hata yeye mwenyewe. Miaka thelathini na minane alikaa mita moja nyuma ya Eulogio. Alijua wapi kidole gumba cha Eulogio kilishuka, wapi kilitulia, wapi kiligonga mbao. Alijua yote isipokuwa kupiga. Utotoni alijifunza mishiko mitatu kwa kuchungulia, akaachia hapo, maana gitaa lilikuwa la wanaume na yeye alikuwa na kuta za kupaka.

Alimwendea mwalimu wa gitaa pale mjini. Yule mwalimu alikuwa mtu mwema, akamwambia kwamba ana nafasi saa kumi na moja jioni pamoja na watoto wa miaka tisa, na kwamba katika umri wake lililo muhimu ni kujiburudisha. Salud akamshukuru. Hakutaka kujiburudisha. Na klabuni, mtu mmoja aliyesikia habari hizo alisema, "Salud na gitaa? Labda alipake chokaa." Wakacheka wote, na yeye alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha mkate.

Ndiyo sababu alikwenda kwenye mtandao. Huko hakuna mtu wa kukuona.

Alimpata bwana mmoja wa Córdoba, Íñigo Valdelomar, mwenye ndevu zilizochongwa na kucha ndefu za mkono wa kulia. Masomo ya mwaka mzima: yuro mia saba na ishirini. Juma la kwanza lilikuwa la bure, la kuonja, na ndani yake nusu saa ya kuzungumza na mwalimu ana kwa ana kwenye kioo. Baada ya siku saba, ulipe au uage.

Salud alikuwa na pesa hizo, lakini zilikuwa na mwenyewe. Zilikuwa za magego mawili ya chini, upande wa kushoto, ambayo daktari alikwisha kuyapima. Mwaka mzima alikuwa anatafuna upande mmoja.

"Utapiga gitaa bila meno," Trini alimwambia.

"Gitaa halipigwi kwa meno, wifi."

"Na dengu je?"

Katika maisha yake hakuwahi kununua chokaa bila kuijaribu. Alichukua bonge moja tu, akalitia kwenye ndoo ya maji, akaketi akilitazama linavyochemka na kupasuka, na kesho yake akalikoroga kwa mti aone kama ni laini au lina mchanga. Wauzaji walimchukia kwa ajili hiyo. Sasa mtu wa mbali, asiyemjua, anamtaka atoe mia saba na ishirini kwa kitu kisichoshikika. Hakuwa tayari kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Akaamua ile nusu ya saa ya kuzungumza hataitumia kwa kujifunza. Ataitumia kumpima mwalimu, na mpimaji atakuwa Bastián.

Kumpata Bastián haikuwa rahisi. Alikuja kwa sababu Trini alimwambia kuna konokono wa kuchemsha, chakula anachokipenda mno, na kweli walikuwapo, bakuli zima. Akaketi mezani kwa Salud, akavuta bakuli. Salud akasimamisha kishikwambi mbele yake, kimeegemea chupa ya mafuta ya zeituni. Bwana Íñigo akatokea, ametabasamu.

"Habari za mchana, bibi Salud. Na huyu mzee ni nani?"

"Ni kaka yangu. Amekuja kukusikiliza."

"Karibu sana, mzee wangu. Ungependa nikupigie nini?"

Bastián alifyonza konokono, akafuta mikono taratibu. "Usinipigie kitu. Mimi nitapiga makofi, wewe ingia."

Akaanza. Makofi ya Bastián yalikuwa makavu, ya mtu aliyegonga mawe. Bwana Íñigo akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa kwa kukubali, akaingia. Salud alisikia kosa mara moja. Gitaa lilikuja nyuma ya makofi. Si sana, kama mtu anayekufuata barabarani akikukanyaga visigino. Bastián akakaza makofi. Gitaa likachelewa vilevile. Akapunguza. Likachelewa. Mwisho akaweka mikono mezani, akarudi kwenye konokono wake.

"Mzee?" alisema bwana Íñigo. "Kuna tatizo?"

"Mimi sina tatizo, mwanangu. Una mama?"

"Ninaye."

"Mtunze."

Kioo kikazimwa. Hapo akamgeukia dada yake. "Salud, nenda kang'oe meno yako uweke mengine. Huyu bwana hana mapigo."

"Ana jina kubwa, kaka. Watu elfu wanamfuata."

"Basi wako elfu na moja wasio na mapigo. Huyo mmoja asiwe wewe."

Trini alicheka mpaka akashika ukuta. Salud hakulala vizuri. Sikio la Bastián halikuwahi kukosea, na yeye mwenyewe pia alikuwa amesikia. Lakini kulikuwa na kitu kimemkwama. Kesho yake asubuhi, zikiwa zimebaki siku tatu za bure, alifungua moja ya masomo yale yaliyorekodiwa, ambamo bwana Íñigo alipiga peke yake dakika arobaini, akaketi mbele yake akapiga makofi. Alipiga tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu yule hakuchelewa hata unywele. Alisimama kwenye mapigo kama nguzo ya kanisa.

Basi, mtu mmoja anawezaje kuwa nguzo siku moja na mlevi siku nyingine?

Alikwenda kazini akiwa na swali hilo. Alikuwa juu ya ngazi, anapaka ukuta wa ua wa mjane mmoja, mara mlimani kule machimboni wakalipua mwamba, kama walivyofanya kila mara. Akaona vumbi linapanda. Akaendelea kupaka. Halafu ndipo mlio ukafika. Salud akasimama na brashi mkononi, chokaa ikimchuruzika mpaka kiwikoni.

Alikumbuka utotoni, akimpelekea baba chakula machimboni. Ukiwa mbali, unaona nyundo ya baba inashuka kwenye jiwe, kimya, na mlio unakuja nyundo ikiwa imeshainuka. Baba hakuwa mvivu wa kugonga. Njia ndiyo ilikuwa ndefu. Makofi ya Bastián yalisafiri mpaka Córdoba kwa njia wanazozijua wenyewe wenye mitambo, yakafika yamechelewa. Bwana Íñigo akaingia pale aliposikia yeye, na gitaa lake nalo likasafiri kurudi. Kila mmoja alikuwa sawa nyumbani kwake.

Hakuna aliyemfundisha jambo hilo. Shule aliiacha darasa la tano. Lakini pale juu ya ngazi alilipata lote, zima zima, akashuka akaenda moja kwa moja kwa kaka yake akiwa na chokaa puani.

Bastián alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa amefanya kazi machimboni, aliijua ile nyundo.

"Sawa," alisema. "Mapigo anayo. Yuko mbali. Sasa niambie, mtu aliye mbali hivyo atakufundisha vipi kukaa karibu na mtu?"

Swali hilo Salud alilibeba siku mbili. Siku ya saba, baada ya chakula cha mchana, akalipa.

"Amelipa," Trini aliutangazia mtaa mzima. "Mia saba na ishirini. Na dengu anaziponda kwa uma."

Kilichofuata ni majira ya baridi ambayo watu wachache wa umri wake wangeyamaliza. Gitaa la Eulogio lilikuwa juu ya kabati kwa Bastián, mjane wa marehemu alilileta pale baada ya mazishi, na Trini akalitoa kwa mlango wa nyuma likiwa limefungwa ndani ya blanketi. Salud alilifuta vumbi, akaweka nyuzi mpya, akaanza. Mvua zilipokuwa zinanyesha na kazi ya kupaka imelala, alikaa nalo saa nne, saa tano kwa siku. Bwana Íñigo alisema ili upige vizuri lazima ufuge kucha. Chokaa ilikuwa imekula kucha za Salud miaka arobaini na saba, zilikuwa laini kama ganda la kitunguu. Akaandika kumwuliza afanye nini. Bwana Íñigo akamjibu vizuri, tena kwa kirefu: apake gundi kali, ile ya kugundishia vyombo, tabaka kwa tabaka, hata wapiga gitaa wakubwa hufanya hivyo. Siku ya kwanza alijigundisha kidole gumba kwenye kitasa cha mlango wa jikoni. Alikaa hapo mpaka Trini alipopita na mafuta ya zeituni.

"Wifi, nikae na wewe au nikuletee kiti?"

"Mimina mafuta, bibi wee, uache maneno."

Tuseme ukweli, masomo yalikuwa mazuri. Yule bwana wa Córdoba aliijua kazi yake na hakuficha kitu. Ulipotaka kuona kidole, alikusogezea kidole. Ulipotaka polepole, alipiga polepole, mara ishirini, bila kukuchoka. Salud alimtumia picha za mikono yake, akasahihishwa, akatuma tena. Mwezi wa pili gumba lake likaanza kushuka kwa uzito. Mwezi wa nne alikuwa na beti kumi na tano za gitaa tupu, zile ambazo mpigaji hujaza nazo mwimbaji anapopumzika, na alizipiga safi, bila tundu. Akimaliza ubeti mmoja anaingia mwingine, na nyuma ya huo mwingine tena.

Wiki mbili kabla ya Pasaka, kabla kazi ya kupaka haijampanda kichwani, alilibeba gitaa mchana kweupe mpaka kwa kaka yake. Bastián alilitazama lile gitaa, akamtazama mkewe, Trini akapata kazi ya haraka kwenye sufuria.

"Keti," alisema Bastián hatimaye. "Tusikie hizo mia saba."

Salud akapiga utangulizi. Bastián alikuwa ameegemea kiti, mikono tumboni, na polepole alijisogeza mbele. Mikono ya dada yake ilikuwa mikono hasa. Hakulitarajia hilo. Akasafisha koo. Akatoa ule mlio wa kwanza usio na maneno, wa kutafuta sauti, na Trini jikoni akazima moto ili mafuta yasipige kelele. Kisha akaimba:

"Nimekwenda kisimani,
ndoo nimeisahau..."

Akavuta neno la mwisho, akalivuta kama walivyofanya wazee wake, na alipofika mwisho akafungua kinywa aingie mstari wa pili. Gitaa lilikuwa limekwisha kuingia. Akangoja. Akaingia, gitaa likamjibu kabla hajauliza. Akajaribu mara ya tatu. Kisha akanyamaza, na Salud akaendelea mapigo mawili matatu peke yake kabla hajatambua.

"Unapiga vizuri, dada," alisema Bastián. Ni maneno yaleyale aliyosema juu ya kijana wa Utrera, na Salud aliyajua. "Sasa mimi nitapumua wapi?"

Salud alilifunga gitaa kwenye blanketi, akaenda zake.

Siku tatu alipaka kuta tu. Trini alikuja kumwambia aandike barua adai pesa zake. Alikataa. Alichofanya ni kurudi kwenye masomo. Aliyapitia yote tena, toka la kwanza, safari hii gitaa likiwa kitandani na yeye mikono mapajani, akitazama tu kama mtu anayekagua ukuta wa mwenzake. Alipofika la ishirini na mbili akaona. Katika masomo yale yote, chumba cha bwana Íñigo kilikuwa na kiti kimoja. Hapakuwa na mtu mwingine pale. Nafasi yote ilikuwa yake, na aliijaza, kwa nini asiijaze? Hakumdanganya mtu. Alifundisha alichoahidi. Aliyemtaka mwimbaji ni Salud, na mwimbaji hayumo kwenye bei.

Na yeye Salud, ambaye alikaa nyuma ya Eulogio maisha yake yote, aliwezaje kusahau kwamba Eulogio nusu ya wakati alikuwa hapigi? Alikuwa ameinamisha kichwa, gumba limetulia juu ya waya, anasubiri. Lakini mkono uliofundishwa kuziba kila tundu, ukiona uwazi unakimbilia.

Alirudi kwa Bastián siku hiyohiyo, saa ya kahawa.

"Kaka, mikono nimeinunua. Umeiona."

"Nimeiona."

"Kilichobaki hakiuzwi. Unacho wewe. Nifundishe kusubiri."

"Mimi siimbi, Salud. Nimejaribu, umeona."

"Sijakuambia uimbe. Sema maneno tu. Yaseme kama unamsimulia mtu sokoni. Mimi nitapiga, na kila nitakapokukanyaga, gonga meza."

Bastián alitazama nje dirishani. Trini alikuwa amesimama na kitambaa cha vyombo.

"Nitagonga sana," alisema.

"Meza ni yako."

Aligonga mpaka vikombe vikaruka. Siku ya kwanza Salud hakumaliza hata ubeti mmoja. "Nimekwenda kisimani," anasema Bastián kwa sauti kavu ya mtu anayesoma risiti, gumba la Salud linashuka, meza paa. Tena. Paa. Alikuwa mwalimu mbaya, hana subira, hana maelezo. Yule wa Córdoba angeeleza kitu kimoja kwa njia nne. Bastián alikuwa na njia moja, nayo ni vifundo vya vidole.

"Umeingia."

"Ulikuwa umemaliza, kaka."

"Nilikuwa nimemaliza neno. Pumzi nilikuwa sijamaliza."

"Nitaijuaje pumzi?"

"Nitazame kooni, siyo kwenye nyuzi. Nyuzi haziondoki."

Salud alikuja kila siku, akitoka kazini, mikono ikinuka chokaa, gundi mpya kwenye kucha. Ilikuwa msimu wake mkubwa, kila nyumba inataka kung'aa kabla ya Pasaka, alikuwa anapanda ngazi tangu alfajiri. Hakukosa hata siku moja. Na jambo ambalo yeye alilitegemea, Bastián hakulitegemea, likatokea siku ya sita au ya saba. Maneno yale hayasemeki. Unaweza kuyasema mara kumi, mara ishirini, lakini yalitengenezwa yabebwe na sauti, na mtu aliyeyaimba miaka hamsini hawezi kuendelea kuyaburuta chini. Ubeti ulianza ukisemwa. Mahali fulani katikati ya "nimerudi na kiu" ukawa hausemwi tena. Salud hakuinua kichwa. Aliliona koo la kaka yake likijaa, akalaza gumba juu ya waya, akasubiri. Akasubiri mpaka ikamuuma. Bastián akamaliza, akavuta pumzi, pumzi yote mpaka chini, na ndipo gumba likashuka, mara moja.

Meza haikugongwa.

Trini alikuwa anakaanga mchicha na vitunguu saumu. Uliungua, wakaula hivyohivyo.

Wakati huo ujumbe uliingia kwenye kishikwambi cha Salud: nusu ya mwaka imetimia, je, masomo yamestahili bei yake? Alitakiwa kuchagua nyota, moja mpaka tano. Salud alifikiri muda mrefu kuliko alivyofikiri siku ya kulipa. Trini alisema ampe mbili. Bastián alisema mtu aliyefundisha mikono ile apewe zote, na chumbani mwake aongezewe kiti. Salud aliweka nne, akaandika chini yake kwamba masomo ni ghali na ni ya kweli, na anayetaka kumpigia mwimbaji atafute mwimbaji kabla hajaanza, asingoje kama alivyongoja yeye. Bwana Íñigo alimjibu kesho yake kwa mkono wake mwenyewe. Alimshukuru, akauliza kama siku moja angeweza kuja Morón kumsikia mzee yule aliyemwambia amtunze mama yake. Salud alijibu kwamba aje, lakini atoke mapema.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tano, saa saba mchana, Bastián aliingia klabuni amenyolewa. Watu waliona hilo kwanza. Halafu wakaona kwamba hakwenda kaunta. Alikwenda kwenye kile kiti, akaketi, akagusa kiti cha pembeni kwa kiganja. Salud akaketi. Yule aliyesema habari ya kulipaka gitaa chokaa alikuwapo, akatazama glasi yake.

Salud alipiga kidogo sana. Waliotaka kuona vidole vikikimbia hawakuona, ingawa alijua kuvikimbiza, alikuwa ameulipia ujuzi huo. Kulikuwa na mahali ambapo chumba chote kilinyamaza, hakuna sauti wala gitaa, na watu wakabaki wametazama gumba la mwanamke mfupi likiwa limelala juu ya waya, halina haraka. Mzee mmoja kule nyuma alisema taratibu, "Huyo anajua," na mkewe akamfinya anyamaze.

Waliposhangilia, Bastián hakusimama. Aliinama upande wa dada yake. Wapiga gitaa wa kule wana kibanio kidogo wanachofunga shingoni mwa gitaa, na kadiri kinavyosogezwa juu ndivyo mwimbaji anavyolazimika kupandisha sauti. Cha Salud kilikuwa kimefungwa chini, mahali pa kumhurumia mzee.

"Sogeza juu hatua mbili," alisema Bastián.

"Mbili? Koo lako hilo?"

"Sogeza, dada. Hawa watu wamengoja sana."

Salud akasogeza, akakaza, akajaribu waya mmoja mmoja. Kisha akamtazama kooni.